Jogoo Aliyenong'ona kwa Sikukuu

Makelele yote niliyaandika mimi. Nasema hili mapema asije mtu akanisingizia upole. Kwa miaka kumi na tatu nimeandika katuni ya televisheni ya jogoo anayewika saa zisizo zake, na kila nilipokwama nilimpigisha kelele. Watu walicheka, nami nikaamini anayewachekesha ni mimi.

Wenye kuchekesha hasa walikuwa wawili, kaka na dada yake. Kaka ndiye sauti ya jogoo, na hata mtaani kwake wanamwita Jogoo. Dada ndiye anayechora midomo. Studio nzima tunamwita Mama Midomo, ingawa mwenyewe ni mtu wa maneno machache. Habari hii ni yake.

Katika katuni sauti hutangulia, mdomo hufuata. Mwigizaji husoma mbele ya kipaza sauti, kisha Mama Midomo husikiliza silabi moja moja na kumchorea mnyama mdomo wa kila silabi: hapa umepanuka, hapa umechongoka, hapa umefumbwa. Jogoo wa kweli hawezi kuufinyanga mdomo wake hivyo, lakini sisi tunalipwa kwa kudanganya. Kando ya kompyuta ana kioo kidogo, na akikwama hujitazama akitamka. Mgeni akiingia humkuta mama wa miaka hamsini na tatu, miwani puani, akikiambia kioo "Kokoriko!" bila hata chembe ya tabasamu. Kazi hii hakuisomea. Alikuwa karani wa mapokezi, na siku moja alisimama nyuma ya mchoraji akasema, "Kaka yangu hasemi hivyo. Yeye hufungua mdomo kwanza, ndipo neno linakuja." Wakamjaribu, na mapokezi hakurudi tena.

Mwaka jana Jogoo aliugua koo, akaficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wahenga, ila yeye aliumbuliwa na kipaza sauti: Jumatatu moja alivuta pumzi awike, ikatoka sauti ya mlango uliokosa mafuta. Alipasuliwa, akapona. Daktari hakumficha kitu. Sauti ya zamani hairudi, alimwambia. Atanong'ona, na kunong'ona hakutamdhuru. Jogoo alisikiliza mpaka mwisho, akaenda nyumbani, akafunga mdomo. Miezi minne hakumsemesha mtu, hata mkewe. Alinunua daftari. Akitaka chai anaandika chai, na akikasirika anaandika kwa herufi kubwa.

Mama Midomo alikuwa akienda kwake kila Jumapili, na Jumatatu anakuja kazini macho mekundu.

"Wifi yangu anasema nyumba imekuwa ofisi," aliniambia. "Yuko jikoni anakoroga, analetewa barua."

Tulicheka wote wawili. Kisha akavua miwani akalia, mimi nikabaki nimeshika kikombe kama mjinga.

"Kaka yangu yu hai na nimemkosa," alisema. "Angekuwa amekufa ningejua cha kufanya."

Wakati huo kipindi maalum cha sikukuu kilikuwa kinatukaribia. Hicho ndicho kipindi chetu kikubwa cha mwaka, dakika arobaini badala ya kumi na tano, jamaa wote wa jogoo wamekusanyika uani. Nilikuwa nimekiandikia kurasa arobaini na mbili za fujo. Bosi wetu, mama ambaye hulitamka neno "haraka" mara nyingi kuliko jina lake, alimleta mtangazaji wa redio aigize jogoo. Alikuwa mtu wa adabu, sauti nzito, na hakuwa na kosa lolote. Alirekodi siku mbili akaenda zake. Mama Midomo akapewa wiki tatu za kuchora, akazichora bila kulalamika.

Siku ya ukaguzi tulijibana kwenye chumba cha maonyesho, viti sita na feni moja. Picha ikaanza. Jogoo wa katuni akafungua mdomo, kimya, ndipo sauti ikaja. Akafumba mdomo, sauti ikaendelea. Ilikuwa hivyo kila sentensi, mdomo mbele na sauti nyuma, na kabla ya kila mzaha kona moja ya mdomo inapanda kidogo. Mtangazaji wa watu hakuwa na tabia hata moja kati ya hizo.

"Mama Midomo," alisema bosi, "hii ni nini?"

"Nimekosea, bosi. Masikio yalimsikiliza yeye, mkono ukamchora kaka. Nitarudia."

"Utarudia lini? Sikukuu itatusubiri?"

Bosi akazima sauti ili ahesabu ni midomo mingapi inayoweza kuokolewa. Bila ile sauti ya kuazima, pale ukutani alikuwa Jogoo mwenyewe. Tuliofanya naye kazi miaka kumi na tatu tulimwona anavyojizuia kuucheka mzaha wake kabla hajaumaliza. Mimi nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni. Bosi alisahau kuhesabu.

"Kunong'ona anaweza," alisema Mama Midomo polepole. "Daktari kasema. Ni yeye tu hataki."

"Jogoo anong'one?" niliruka. "Dada, jogoo ni kelele! Ukimwondolea kelele anabaki kitoweo."

Akanigeukia. "Wewe si ndiye mwandishi? Basi mtafutie sababu ya kunong'ona."

Bosi akanitazama, nikajua kurasa zangu arobaini na mbili zimekwenda na maji. Nilinuna siku nzima, nakiri. Kesho yake asubuhi, nikiwa bado na kinyongo, nikaandika mstari mmoja: kifaranga cha mwisho kimelia siku mbili mfululizo na sasa hivi ndio kimelala. Wageni wa sikukuu wanaanza kufika. Bata mzinga ana mafua, mbuzi kaleta ngoma ya zawadi, na anayetakiwa kulinda usingizi wa mtoto ni baba yake, mpiga kelele mkuu wa mtaa. Kipindi kizima ni minong'ono. Nilijikuta nacheka peke yangu mezani, jambo ambalo vichekesho vyangu havikuwa vimenifanyia kwa miaka.

Jumapili nilifuatana na Mama Midomo hadi kwa kaka yake. Jogoo aliusoma muswada wote, uso mkavu, kisha akavuta daftari akaandika: MNANIONEA HURUMA.

"Ingekuwa huruma ningekuletea matunda," dada yake alimjibu. "Nimekuletea kazi. Nimeharibu wiki tatu za watu kwa ajili ya mdomo wako, kaka. Nikifukuzwa nahamia hapa. Nitalala hapo kwenye hilo kochi."

"Wifi, tafadhali," alisema mke wa Jogoo kutoka jikoni, "tusifike huko."

Jogoo aliwatazama wote wawili. Akaandika: Lini?

Siku ya kurekodi tulizima feni, tukavua viatu, kipaza sauti kikasogezwa karibu na mdomo wa Jogoo. Alisimama mbele yake muda mrefu, jasho linamtoka, na hakuna kilichotoka. Mama Midomo, ambaye huwa haingii chumba kile, alifungua mlango akaenda kusimama mbele yake. Hakumbembeleza. Alilitamka neno la kwanza kwa mdomo mtupu, bila sauti, kama afanyavyo kwenye kioo chake. Kisha la pili. Jogoo alimtazama midomo, akafuata.

"Polepole," alinong'ona. "Mwanangu amelala."

Sauti ilikuwa kavu, yenye mchanga ndani yake. Lakini zile nukta za kusubiri, kule kuchelewesha neno mpaka mtu atamani kulivuta, vyote vilikuwa palepale. Alimaliza kurasa zote kwa siku mbili. Kisha akachukua daftari lake, akatuandikia ahsante, akaondoka.

"Nyumbani je?" nilimwuliza Mama Midomo baada ya wiki.

"Bado. Anasema, yaani anaandika, kwamba kule studio alikuwa anasema jogoo wa katuni. Yeye hana sauti."

Basi tulichora tena, usiniulize tulivyokimbizana, na sikukuu ikafika. Alasiri tukakaa sebuleni kwa Jogoo: yeye, mkewe, Mama Midomo na mimi. Kipindi kikaanza. Jogoo wa kwenye televisheni alinyata uani akinong'ona, na kutoka nyumba ya jirani tukasikia watoto wakivunjika mbavu. Kwenye dakika ya sita niliona Jogoo wetu hatulii kitini. Akasogea mbele. Akamgeukia dada yake.

"Hapo umekosea," alinong'ona. "Mimi sijabinua mdomo hivyo."

Mama Midomo hakuondoa macho kwenye picha, lakini alivua miwani. "Umebinua."

"Sijabinua."

"Umebinua, kaka. Nilikuwa nimesimama mbele yako."

"Muulize huyu kama mimi ni mtu wa kubinua mdomo."

Huyu alikuwa mkewe. Mama huyo, tangu nimjue, televisheni ikiwashwa hataki mtu apumue kwa nguvu. Amewahi kuninyamazisha mimi, mwandishi, katika kipindi changu mwenyewe. Alinyoosha mkono kwenye rimoti. Nikafurahi, maana mzaha wangu bora kuliko wote, ule wa mbuzi na ngoma, nilioufanyia kazi siku tano, ulikuwa ndio unakuja, nikajua anataka kuongeza sauti.

Aliipunguza. Aliipunguza mpaka ikaisha kabisa, akasogeza kiti chake karibu na cha mumewe.

"Sema tena," alimwambia. "Sikukusikia vizuri."

Mbuzi wangu akaanguka na ngoma yake bila kishindo, hakuna aliyemtazama, nami sikuwaambia waongeze sauti.