Namba ya Zamani Inakatwa Saa Sita

Ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu Evelio aondoke kwenda kuvuka jangwa la mpaka wa kaskazini, na mama yake, Honorina Sarabia, hakuwa amepata hata salamu. Naye ndiye mwenye kibanda cha simu cha Santa Cruz Yucundá! Kwa miaka kumi na minne simu zote za kijiji kile cha milimani zilipitia mikononi mwake. Anapokea, anauliza anatakiwa nani, anamwambia mpigaji apige tena baada ya robo saa, kisha anashika kipaza sauti na kuliita jina hadi lifike kwenye mashamba ya mahindi. Aliyeitwa huja mbio. Habari za kuzaliwa na za kufiwa alizipokea zote, za wenzake. Yake ndiyo iliyokuwa haiji.

Na sasa kampuni ilikuwa inaleta simu za majumbani. Nyumba arobaini, duka la dawa, tanuri la mikate la Casilda, kila moja na namba yake. Maendeleo ni mazuri, nani atabisha? Lakini namba ya zamani ya kibanda ilikuwa ikatwe siku ile saa sita mchana, na Evelio hakuwa na nyingine kichwani. Karatasi hupotea jangwani, kwa hiyo Honorina alikuwa amemkaririsha namba ile kama sala.

"Fundi Rutilio, niachie walau mpaka kesho," alimwomba mtu wa kampuni aliyekuwa anapanda nguzo.

"Mama yangu, mimi nimetumwa tu. Wakisema saa sita ni saa sita. Akipiga ya zamani atasikia mlio, basi."

Casilda alikuwa amekuja kutazama waya wake, unga umemjaa mpaka kwenye viwiko. "Afadhali! Mie nimechoka kukimbia, kijiji kizima kinajua dada kanipigia, na alichosema kinajulikana kabla sijafika nyumbani."

"Kwani mimi nasikiliza?"

"Weye? Weye hata kikohozi unakisikiliza, shoga." Kisha akamtazama vizuri usoni. "Hajapiga bado?"

Honorina akatikisa kichwa. Tangu alfajiri hakubanduka mezani. Mara mbili aliinua simu ahakikishe ni nzima, mara mbili akairudisha upesi, akiogopa kwamba huenda dakika ile ile ndiyo mtoto anapiga.

Saa sita kasoro dakika kumi ikalia. Sauti ya mwanamke asiyemjua.

"Namtafuta Bi Honorina Sarabia."

"Piga tena baada ya robo saa, nimwite," alisema Honorina, akakata, akabonyeza kipaza sauti. "Honorina Sarabia, una simu. Honorina Sara..."

Mazoea yana tabu. Jina lake lilikuwa limeshafika mlimani ndipo akalisikia.

"Nimemkatia! Casilda, nimemkatia mwanangu!"

Casilda alitoka mbio. "Wewe fundi! Ukigusa waya huo, mkate wangu hutauonja mpaka siku unazikwa!"

Watu nao walikuwa wanakuja kutoka mashambani na majembe yao, maana hakuna aliyewahi kusikia jina lile likiitwa. Kengele ya kanisa ikapiga saa sita. Rutilio, juu ya nguzo, alitazama saa yake, akawatazama wale watu, akatia koleo mfukoni.

"Leo saa yangu imesimama," alisema.

Dakika tano zilizobaki Honorina alizipitisha akiwa ameng'ang'ania meza kwa mikono miwili. Ilipolia hakuingoja ilie mara ya pili.

"Ni mimi! Mimi ndiye Honorina!"

"Mimi ni nesi, mama. Tuna kijana hapa, ameletwa jana. Kiu imemkausha koo, hawezi kusema. Namba na jina lako ameviandika kwa kidole kiganjani mwangu."

"Yu hai?"

"Yu hai. Namwekea simu sikioni. Sema naye."

Honorina aliusogeza mdomo karibu kabisa na simu.

"Evelio," alisema. "Mimi ndiye niliyekata, baba. Nisamehe."

Kisha kikaja kilio kikavu, cha kukwaruza, kisicho na neno hata moja. Honorina alikijua. Mara ya kwanza kukisikia, Evelio hakuwa ametimiza hata saa moja duniani.