Kompyuta Niliyoiumulia Maandazi

Unga wa maandazi uliumukia ndani ya kompyuta ya binti yangu, kompyuta ikazimika.

Ndugu wasomaji, msicheke kwanza.

Ninaishi Kibaha na binti yangu, Naila. Yeye na mwenzake Badru, aliyeko Kisarawe, walikuwa wakiandika programu ya wafugaji wa Magindu. Kesho yake walitakiwa kuionyesha. Ikikubaliwa, ndiyo ajira yao ya kwanza.

Mchana ule Naila alipitiwa na usingizi. Kulikuwa na mawingu, na unga wangu ukagoma kuumuka. Nikaigusa kompyuta yake: ya moto! Nikaweka bakuli juu ya vitufe, nikaenda kuswali.

Niliporudi, unga ulikuwa umefurika hadi chini ya vitufe. Kioo cheusi tii.

Nikaona ajira ya mwanangu imekwenda na maji.

Katika darasa letu la kisomo cha watu wazima, daftari lako likiloa unanakili la jirani. Basi nikaifunika kompyuta kwa kanga, nikanunua daftari kubwa na kalamu mbili, nikamwita Dulla wa bodaboda.

"Kisarawe, mwanangu. Kimbiza."

Badru alishtuka kuniona mlangoni. "Shikamoo, mama! Kwema?"

"Marahaba. Fungua programu yenu, unisomee taratibu. Nimekuja kunakili."

"Kunakili... kwa mkono?"

"Mwandiko wangu unasomeka, baba. Anza."

"Mama, ni maelfu ya mistari! Utatoka hapa na mvi."

"Mvi ninazo. Soma."

Akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akanieleza kwamba wanatumia chombo kiitwacho Git. Kila mmoja ana kazi nzima kwenye mashine yake, na nakala nyingine iko mtandaoni, pamoja na historia ya kila badiliko: nani kalifanya, na kwa nini. Mashine moja ikifa, kazi haifi.

"Alhamdulillahi! Basi Naila asijue," nikamsihi. "Nitasema ni umeme."

Badru akavuta mabadiliko mapya kutoka mtandaoni. Akanigeuzia kioo.

"Mama, hii soma mwenyewe."

Nikasoma polepole, kidole kikifuata herufi:

"Naila: Nimerudisha kazi yote kwenye kompyuta ya jirani yetu Recho, nimemalizia na ukurasa wa maziwa. Yangu mama kaiumulia maandazi. Yuko njiani kwako, Dulla kanitonya. Atakwambia ni umeme. Mpe chai."

Chai nikanywa. Ningefanyaje?

Kesho yake wafugaji wakaikubali programu.

Wapendwa, kazi ya wengi isikae kwa mtu mmoja. Na mtoto uliyemzaa usihangaike kumdanganya. Historia yako yote anayo.