Salamu Nilizomtumia Kaka Mizani

Uvumilivu uliniisha Jumanne asubuhi, mlangoni kwa Mama Tumaini, na kilichonimaliza ni kwamba alinisalimia vizuri. Ilikuwa siku ya tisa ananisalimia vizuri. Karibu Mama Neema, za nyumbani, mtoto ameshakula, haya mlete, utadhani karani wa mapokezi, wakati mimi ndiye niliyemwaibisha mbele ya umoja mzima wa wanawake wa kanisani kwa spika ya kwaya (naisema mwenyewe aibu yangu kabla hamjaipata kwa watu wa sokoni, ambao wameshaitia chumvi).

Nikamwambia, "Mama Tumaini, nitukane basi, tuishe."

Akampokea mtoto, akamweka vizuri kiunoni. "Nikutukane kwa lipi, mwanangu? Kwani ulisema uongo?"

Mtu akikukasirikia unajua pa kushika. Huyu nimshike wapi?

Mama Tumaini ni jirani yangu hapa Uyole, mama wa hamsini na kitu, ndiye anakaa na Neema wangu wa mwaka na nusu wakati mimi niko sokoni nachambua viazi. Na ndiye mlevi wa maigizo ya kanisani kwetu. Mlevi kwenye igizo, jamani, pombe hajawahi kuionja. Kila sikukuu anavaa koti lile kubwa, anayumba, anauza mahindi ya mke wake, watoto wanacheka mpaka wanatolewa nje.

Sasa Kaka Mizani. Huyu ni mtu wa Iringa anayeangalia vichekesho ambavyo watu wanarusha mtandaoni, halafu anavipima. Anaanza na "Kamwene," salamu ya Kihehe, anacheka kabla hajasema kitu, na mwisho anatoa hukumu kwa kilo: hivi vina kilo nne, hivi robo, hivi mizani imekataa kabisa. Mimi kwetu ni Tosamaganga, kulekule Iringa, hapa nimeolewa, na nyumba nzima hakuna anayeongea kama sisi. Neema alipozaliwa nilikuwa nanyonyesha huku Kaka Mizani yuko sikioni, nasikia kwetu. Halafu akapotea. Miezi kumi, hakuaga. Kila wiki naandika pale chini kwenye maoni, kaka uko wapi, wenzangu wanajibu ameokoka, wengine ameoa, mmoja akasema amefungwa, na mimi nawaamini wote kwa zamu.

Siku aliyorudi niliacha viazi. Amenenepa, shati jipya, na maelezo yake yote yalikuwa haya: "Nilikuwa napumzisha mdomo." Basi. Nikairudia video mara tatu natafuta sababu usoni kwake. Nilichoona ni kwamba amebadilika. Zamani alikuwa anakata tu. Sasa kabla ya kutaja kilo ananyamaza kidogo, anauliza, huyu dada akiona hii atajisikiaje, ndipo anaendelea. Nilikasirika, kusema kweli. Tumengoja mdomo miezi kumi, anatuletea nusu yake! Lakini pia nilitaka kujua mdomo huo ulipatwa na nini.

Mwisho wa video akasema mashabiki tumtumie sauti zetu, atazicheza. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilituma sauti mbili. Ya kwanza salamu, kama zile za redioni alizokuwa anatuma mama yangu, kwa utaratibu wake: mimi ni Mama Neema wa Uyole Mbeya, namsalimu mume wangu, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, Mama Tumaini mlezi wa mwanangu, na wote wanaonifahamu. Ya pili nikaanza na "kaka, hii ni yako mwenyewe." Nikaona, kama amesahau kazi, nimkumbushe. Nikampimia igizo letu. Nikasema tuna mlevi mmoja hapa, koti limemzidi, akilivaa anakuwa kama gunia la lumbesa lililoshindiliwa kupita mdomo likapata miguu, na akianguka anaanguka kwa awamu tatu: kwanza anaangalia sakafu kama imefagiliwa, halafu anakunja koti asilichafue, halafu ndiyo analewa. Nikampa robo kilo, na hiyo robo ni ya koti.

Halafu (hapa ndipo akili yangu ilipokwenda likizo) nikawatangazia wanawake wote kwamba nimewatumia salamu. Mtu uliyemsalimu hewani lazima umwambie asikilize, si ndiyo? Video ilipotoka, Jumapili, baada ya ibada tukakusanyika nyuma ya kanisa, tuko kama ishirini, na mimi mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha, nikaomba spika ya kwaya ili na walio nyuma wasikie majina yao.

Majina yakatoka. Mwenyekiti akapiga vigelegele. Nikanyoosha mkono nizime, na kabla sijafika sauti yangu ikaendelea. Amezibandika. Amezibandika zote mbili kama kitu kimoja, lumbesa, sakafu, awamu tatu, kila kitu, na yeye anacheka mpaka anakohoa, anasema dada huyu ataninyang'anya kazi, anarudisha nyuma, anacheza tena. Simu ikaniteleza mikononi, nikaizima spika badala ya simu, watu wakasogea karibu wasikie vizuri.

Walicheka. Mama Tumaini alicheka nao, tena kwa sauti. Halafu akawageukia wenzake, akauliza taratibu kama mtu anayetaka kujua kweli, "Hivi huwa naangalia sakafu?"

Na wale wanawake, kwa pamoja, wakasema ndiyo.

Akachukua beseni lake akaenda nyumbani. Alhamisi yake akampelekea mwenyekiti lile koti, limefuliwa, limekunjwa, akasema watafute mlevi mwingine wa sikukuu ya mavuno. Neema bado anamlea. Ila ule mchezo wa kuyumba mlangoni asubuhi ili mtoto acheke asilie nikiondoka, ameuacha. Neema anakaa anamwangalia miguu, anasubiri.

Nilimwandikia Kaka Mizani maneno ambayo siwezi kuyarudia, maana wengine hapa ni wazee. Video aliifuta siku ile ile. Akajibu mstari mmoja: "Pole dada, na mimi nilianza kupumzika hivyo hivyo." Nimemuuliza alimuumiza nani, alimsema nini, wamepatana au bado. Hajajibu, na naona hatajibu. Namwangalia bado. Akinyamaza kabla ya kilo, siku hizi na mimi nanyamaza.

Ile Jumanne nilitoka mlangoni kwa Mama Tumaini moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti, nikamwambia aitishe kikao. Akaniuliza nani amelalamika. Umoja wetu una utaratibu (ulianza baada ya watu wawili kununiana mwaka mzima kwa sababu ya sufuria): bila barua yenye mlalamikaji na mlalamikiwa, hakuna shauri. Nikasema Mama Tumaini hataki kulalamika. Akasema basi hakuna kosa. Nikamwambia kosa lipo, nimelifanya mimi, nipe karatasi. Kumpima mtu nyuma ya mgongo wake sitarudia, hata kwa gramu, lakini hilo ni la kwangu, haliwezi kumrudishia koti. Nikaandika palepale mezani kwake:

Kwa Mwenyekiti, Umoja wa Wanawake.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MAMA NEEMA

Mlalamikaji ni Mama Tumaini, ambaye hajui kwamba analalamika. Mlalamikiwa ni mimi, mwandishi wa barua hii. Kosa ni kumsema mwenzangu kwa mtu wa mbali kabla ya kumwambia mwenyewe usoni. Nakiri kosa. Naomba iandikwe pia kwamba robo kilo ilikuwa uongo, nilisema hivyo ili nichekeshe. Naomba kikao kiniadhibu kwa kunipa nafasi ya mke wa mlevi kwenye igizo la mavuno, nifokewe mbele ya usharika wote, na mlevi awe Mama Tumaini, si mwingine. Nikikosea, anirekebishe hapohapo, watu wakiwepo.

Sahihi ya mlalamikiwa: Mama Neema.

Sahihi ya mlalamikaji: nafasi imeachwa.