Mistari Mitatu Iliyobaki Imezimwa

Mimi ni mtu wa kubonyezabonyeza. Nikipewa redio nitaifungua, nikipewa kompyuta sitatulia mpaka nijue kila kitufe kinafanya nini. Ofisini kwetu Kalangalala, mjini Geita, nilikaa miezi nikizima mistari ya programu mmoja baada ya mwingine: naweka mikwaju miwili, yaani //, mwanzoni mwa mstari ili kompyuta iuruke, kisha nashuka kwenye wa pili. Siku moja, katika kubonyeza kwangu, nilichagua kipande kizima, nikashika Ctrl pamoja na mkwaju. Chote kikawa kijivu, rangi ya mistari iliyozimwa, kwa mpigo mmoja. Nikabonyeza tena, rangi zikarudi. Nilicheka peke yangu kama mwehu, na asubuhi yote ile sikufanya kazi nyingine.

Wakati huo nilikuwa naandika programu ya duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Kila anayeshuka anaandikwa, kila anayepanda anaandikwa, na kabla ya kulipua baruti karani anabonyeza "Kagua". Niliiandika ianze na kijani, igeuke nyekundu ikimkuta mtu aliyeshuka na hajapanda. Ofisini majina yalikuwa ya kubuni na hakuna aliyekuwa anapanda, kwa hiyo nyekundu ilinikodolea macho kutwa. Iliniudhi. Nikaizima mistari mitatu inayomtafuta huyo mtu, nikaendelea na mambo mengine.

Kesho yake nilitaka kuona ukurasa unavyokaa bila sehemu yote ya ukaguzi. Nikachagua sehemu nzima, ile mitatu ikiwa ndani, nikaizima. Nilipomaliza nikaiwasha. Rangi zikarudi, nikaridhika kwamba yote imewaka, na ile mitatu pia. Sikujua kwamba mstari uliokwisha kuzimwa huongezewa mikwaju mingine miwili, na ukiuwasha unavuliwa hiyo ya nyongeza tu. Mitatu yangu ilibaki imezimwa. Tena ningeionaje? Ofisini tuna desturi ya kuandika maelezo marefu ya Kiswahili juu ya kila kipande, ili atakayepokea kazi asipotee, na maelezo nayo huwa ya kijivu. Faili langu lilikuwa na kijivu kingi kuliko rangi.

Siku ya majaribio tulikwenda duarani. Karani wa pale alikuwa mama mmoja wa Kishapu.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Haya, tukione hicho kidude chako."

Aliwaandika wanaume kwenye tableti wakishuka, na baadaye walipopanda mmoja mmoja akawaandika tena. Walipokoma kutoka nilimwonyesha pa kubonyeza. Kijani ikatokea, na maandishi yake makubwa: WOTE WAMEPANDA, LIPUA. Fundi baruti akainama kuzishika nyaya.

"Subiri wewe!" mama akamwambia. Hakuwa anaangalia tableti. Alikuwa anaangalia ndala. Wachimbaji wa pale wakivaa mabuti huacha ndala zao mdomoni mwa duara, na kila anayepanda huvaa zake. Pea moja ya bluu ilikuwa bado pale. "Kuna mtu chini."

Nakiri kwa aibu, nilibisha. "Mama, mashine imeshasema wote."

"Basi mashine ivae hizi ndala."

Wakaita kwa nguvu. Wakaita tena, na sauti ikajibu kutoka mbali sana. Fundi baruti aliziachia nyaya akakaa chini. Mimi nilirudi nyuma, sikutaka mtu yeyote anitazame.

Aliyepanda alikuwa mwanamume wa rika langu, aliyekuwa njiani kupanda akarudi ndani kufuata tochi yake. Alivaa ndala zake, akajifuta mikono kwenye suruali, akaomba aione hiyo mashine mpya inayowahesabu. Nilimpa kwa kuwa sikujua namna ya kumnyima. Alilitafuta jina lake kwa kidole, akalikuta, akatabasamu.

"Nimo," alisema.

Kisha akasoma maandishi ya kijani hapo juu, taratibu, neno kwa neno, mpaka la mwisho. Tabasamu likaisha.

"Haya yametoka saa ngapi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba yalitoka yeye akiwa bado chini.