Karani wa Simu na Twiga

Karani wa simu pale Kilimatinde hakusalimia kama watu wengine. Alikushika mkono kwa mikono yake miwili, akatabasamu, huku vidole vikipanda polepole mpaka kwenye kifundo cha mkono na kupapasa ndani ya mkono wa nguo. Wageni walidhani ni adabu. Sisi tuliofunga waya kwenye nguzo tulijua anatafuta bangili zilizosokotwa kwa waya wa simu. Wadachi, yaani Wajerumani waliotutawala, walikadiria waya wa shaba kwa kila safari, na kazi yake ilikuwa kulinganisha ule uliokadiriwa na ule tuliotumia. Siku zote tulikuwa tumezidisha. "Twiga ameukata tena, bwana karani," nilimwambia, na mara nyingi ilikuwa kweli. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza mbu. "Ameukata, sawa. Na kuubeba, ameubeba yeye?" Sauti haikupanda, ila macho yake hayakubanduka mikononi mwangu.

Siku moja nilikuwa namkabidhi vipande vya waya vilivyobaki safari ya Bahi, mkewe akaingia na chakula, amejitanda kaniki mpaka kwenye vidole. Nikampokea kapu. Mikono yake iliposhuka, shaba ikagongana ndani ya kaniki, bangili nyingi, kwa mlio ule ule wa waya ninaoushughulikia kutwa. Karani akaanza kukohoa, na hakuacha mpaka mkewe alipotoka. Nikasimama niage, nikamnyooshea mkono. Mkono wake akauficha mgongoni.

"Twiga wa mwaka huu," akasema, "wamezidi ukorofi."