Mbeta Tupu ya Mama

Tulihamishiwa barabarani ili tuonekane. Ndivyo tulivyoambiwa wakati wa operesheni ya vijiji: mkae pamoja kando ya barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya, serikali iwafikie, mpate shule, zahanati na bomba. Tukaziacha nyumba zetu za bondeni, tukaja kujikunyata kwenye vibanda vya fito na udongo mbichi. Shule ilikuja. Bomba nalo lilikuja, ila maji yalisahau kulifuata.

Mama, aliyefiwa na mume nikiwa bado mgongoni, aliendelea kushuka bondeni kila siku kwa ajili ya mianzi yake, maana mianzi haihamishwi kwa lori. Huko aligema ulanzi, pombe ya mianzi. Mvua zikianza alikata ncha za machipukizi, akafunga mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, na utamu ukadondoka humo. Ulanzi ule ndio uliotulisha, ukanivisha sare mpaka nikamaliza darasa la saba. Yeye mwenyewe hakujua kusoma.

Mwaka mmoja, mvua za kwanza zikiwa zimeshaanguka, katibu kata alituita mkutanoni. Nchi yetu ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya mpira ya kimataifa, na baadhi ya timu zingechezea Mbeya. Mabasi yao yangesimama kwetu ili wachezaji wanyooshe miguu, na waandishi wa habari wangekuwepo. Tulidhani tutaambiwa tufagie. Kumbe takataka zenyewe tulikuwa sisi.

"Ndugu wananchi, vibanda hivi vinaitia nchi aibu," alisema. "Tutajenga uzio wa mianzi, mrefu, tuupake chokaa. Mgeni aone usafi."

Mzee mmoja akainua mkono. "Ndugu katibu, si ninyi mliotuleta hapa tuonekane?"

Watu wakacheka. Katibu hakucheka. Yule mzee alikaa mahabusu mpaka wageni walipoondoka, na baada yake hakuna aliyeuliza kitu.

Mianzi ya uzio ilitoka kwa mama. Mgambo walishuka bondeni na mapanga, naye akawafuata, akawasalimu kwa kilugha na kuwasihi. "Kamweneni, wanangu. Kateni iliyokomaa, mniachie machipukizi. Ndiyo chakula chetu."

Walifyeka yote, kwa sababu uzio ulitakiwa haraka. Mama akaketi kwenye visiki. Mimi nilitaka twende kwa mkuu wa wilaya, kwa hasira ya kitoto inayodhani wakubwa hawajui.

"Unadhani nani kawatuma?" aliniuliza. Hasira ikabaki kunichoma tu bila kazi.

Siku ya wageni tulipangwa kando ya barabara: wenye kanga nzima mbele ya uzio, wenye viraka nyuma yake. Mama alikuwa na kanga moja nzuri, akawekwa mbele. Mkononi alishika mbeta.

Kwetu mgeni hupewa ulanzi kwa mikono miwili. Kumpa chombo kitupu ni jambo lisilofanyika. Ukilifanya, mtu yeyote wa kwetu atashtuka na kukuuliza umepatwa na nini. Hilo ndilo alilolitegemea mama. "Mgeni ataniuliza," alininong'oneza. "Akiuliza, haiwezekani wanizuie kumjibu. Nitamwonyesha uzio." Niliamini kabisa. Wala haikutupitia akilini, si yeye wala mimi, kwamba duniani kuna watu wasiojua maana ya mbeta tupu.

Mabasi yakasimama. Akashuka mchezaji mrefu mwenye tabasamu, mama akapiga goti, akamkabidhi mbeta. Yule kijana akachungulia ndani. Akamtazama mama, akatutazama sisi, nadhani akaona ndiyo mila yetu. Kisha akaiinua mbeta mdomoni, akajifanya anakunywa, akajipangusa midomo.

Watu wa serikali wakapiga makofi. Mpiga picha akamwomba arudie.

"Ni tupu!" mama alisema. "Baba, ni tupu!"

Katibu akaashiria ngoma zipigwe kwa nguvu. Mgambo mmoja akamshika mama begani huku akitabasamu kwa ajili ya kamera, akamrudisha nyuma ya uzio. Mabasi yakaondoka kwenda Mbeya.

Gazeti lilitufikia baadaye, dukani, likiwa limefungiwa chumvi. Mama aliitambua kanga yake pichani, akaniletea nimsomee. Nikamsomea: wananchi wa Iringa wawakirimu wageni kwa ulanzi.

"Hawakuandika kwamba ilikuwa tupu?"

"Hawakuandika, mama."

Akalinyoosha lile gazeti juu ya paja, akaitazama picha. Nyuma ya mchezaji uzio ulikuwa mweupe, umenyooka, hauna hata pengo. Akaupitishia kidole polepole, mwanzi mmoja baada ya mwingine.

"Mianzi yangu imetoka vizuri," alisema.