Hatua Iliyokosa Njia ya Kurudi

Wenzake kazini walimtania kwa jina la Taratibu, maana hakuna kazi aliyoitoa bila kuikagua mara tatu. Alitengeneza visakinishi, zile programu ndogo zinazoingiza programu kubwa kwenye kompyuta. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuharibu kitu cha mtu. Ndiyo maana bosi alimtuma yeye hospitalini, kuweka toleo jipya la programu ya maabara.

Saa nne asubuhi alianza. Mstari wa kijani ukasonga hadi katikati, ukasita, ukaanza kurudi nyuma. Diski imejaa. Hakushtuka, maana kisakinishi kikikwama hutengua kilichofanya, na toleo la zamani hurudi pale pale. Akalifungua. Lilifunguka vizuri, ila orodha ya wagonjwa ilikuwa tupu.

Akakumbuka. Kisakinishi hutengua hatua zake chenyewe, lakini hatua ya kuhamisha majibu ya wagonjwa aliiongeza yeye kwa mkono wake, wiki ambayo mwanawe alikuwa amelazwa, na hakuiandikia namna ya kuyarudisha. Majibu yalikwama kwenye folda ya muda, na folda hiyo hufutwa dirisha la mwisho la kisakinishi likifungwa.

Mkuu wa maabara, mama mtu mzima, alikuwa ameshashika mausi. "Imegoma, siyo? Ngoja nifunge tuanze upya."

"Mama, usibonyeze!"

Chumba kizima kiligeuka. "Kuna nini, mwanangu?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: umeme umeyumba, kompyuta zenu kuukuu. Hapo simu ikalia. Chumba cha upasuaji kilitaka kundi la damu la mwanamke aliyekuwa tayari mezani.

"Majibu yote yako kwenye folda moja," alisema Taratibu. "Dirisha hilo likifungwa yanafutika. Kosa ni langu."

"Unaweza kuyatoa?"

"Nadhani naweza."

"Mtu haongezwi damu kwa 'nadhani'." Mama akamgeukia mpimaji. "Kachukue damu ya mgonjwa huyo uipime upya, kimbia!"

Taratibu akachomeka diski ya nje, akaanza kunakili. Faili elfu arobaini. Ilichukua dakika hamsini, na muda wote mama yule alisimama mbele ya kompyuta ili mtu asiiguse.

Mwanamke wa upasuaji alipona. Majibu yalirudi, isipokuwa matatu yaliyoharibika. Taratibu aliwaendea wenye majibu hayo mmoja mmoja kuwaomba radhi, kwa kuwa iliwabidi kutolewa damu tena. Mmoja hakumwitikia hata salamu.

Wiki hiyo aliandika hatua ya kurudisha, akaitanguliza kabla ya ile ya kuhamisha, ili mambo yakiharibika katikati iwe iko tayari. Akaijaribu kwa kuusimamisha usakinishaji makusudi, mara ishirini na mbili. Kila mstari ulipoanza kurudi nyuma, viganja vilimtoka jasho, ingawa majibu aliyotumia yalikuwa ya kubuni.